Ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni kwa mabinti chini ya miaka 18: msisubiri fainali, utamu uko katikati

Naanza na maksi ili mwenye haraka aondoke nazo: nyota nne kati ya tano. Nazungumzia ule ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni kwa wasichana wa chini ya miaka 18, unaoandaliwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF, kwa kawaida mwezi wa kwanza wa kila mwaka. Na nauzungumzia kama kitu cha kuangalia, yaani ukikaa mbele ya skrini wiki nzima unapata nini na unakosa nini. Nimeufuatilia misimu kadhaa sasa, laivu nikiweza, marudio nisipoweza, na naona kabisa kwamba haya mashindano ni mazuri kuliko yanavyonadiwa, ila wengi wanayaingilia mlango usio wake. Wanasubiri fainali. Fainali yenyewe wakikuta ni kipigo basi wanaondoka wakisema hamna kitu hapa.

Kwa asiyejua kabisa niseme kidogo. Daraja la juu lina timu nane, zinacheza makundi halafu mtoano, na shughuli yote inaisha ndani ya wiki moja hivi. Uwanjani kila upande una wachezaji watano na kipa, vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila refa akipuliza, kwahiyo dakika 20 ni 20 kweli, hakuna cha mtu kulala chini anakula muda. Sabu hazina idadi wala hazisubiri ruhusa, mtu anakimbia kwa nguvu zake zote sekunde arobaini, hamsini hivi, anaruka ukuta anakaa benchi, mwenzake ameshaingia na gemu inaendelea. Ndio maana kasi haishuki mpaka mwisho. Kile wanachokigombania, paki, ni kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 160 hivi, na mwanzoni jicho linakipoteza kila mara. Usihangaike nacho. Angalia miili ya wachezaji imegeukia wapi, paki utaikuta hukohuko, baada ya kipindi kimoja macho yanazoea.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niwapende hawa mabinti kuliko hata hoki ya wanaume wazima, na hapa nitakaa kidogo. Kwenye hoki ya wanawake kumvaa mtu kwa mwili kwa lengo la kumwangusha au kumbamiza ukutani ni kosa, unatolewa nje dakika mbili angalau na timu yako inabaki pungufu. Kugusana kupo, kubanana bega kwa bega wakikimbilia paki kupo tena sana, ila ule ubabe wa kumlaza mtu haupo. Wapo wanaosema hilo linapunguza ladha. Mimi naona linaongeza, kwasababu beki akinyimwa njia ya mkato ya kumpiga mtu dafrau inabidi acheze kwa akili. Mtazame beki mzuri wa miaka 16 anavyomkabili straika anayemjia kasi: anarudi kinyumenyume, fimbo ameitanguliza mbele, anamfungia njia ya katikati taratibu, anamsukumia pembeni bila hata kumgusa, na akishamfikisha kwenye ukuta hana pa kwenda, ndipo anamnyang'anya. Sekunde nne tano tu, na hakuna aliyeumia. Ukitaka kuelewa hoki kama mchezo wa nafasi na pembe, hamna darasa zuri kuliko hili, kwasababu kila kitu kinaonekana, hakifunikwi na vishindo.

Kingine ambacho mgeni hukiona kigumu ni sura. Wote wamevaa helmeti zenye wavu wa kufunika uso mzima, na shingoni wana kinga ya kuzuia makali ya viatu, ambayo kwa vijana ilikuwa lazima hata kabla ya IIHF kuifanya ya lazima kwa ngazi zote. Kwahiyo huwezi kumjua mtu kwa uso. Unamjua kwa namba na kwa mwendo. Na nawaambia, ikifika siku ya tatu ya mashindano utajikuta unamtambua mtu kwa jinsi anavyopinda goti akikata kona, au kipa kwa namna anavyogonga nguzo kwa fimbo kila kabla ya mchezo kuanza. Mimi hiyo naihesabu kwenye faida. Inakulazimisha umtazame mchezaji anafanya nini badala ya kumtazama yeye ni nani.

Haya, sasa tuongee matokeo, maana ndipo malalamiko yalipo. Mashindano yalianza Calgary mwaka 2008, Marekani akamfunga Kanada 5-2 kwenye fainali, na kuanzia hapo mpaka Vantaa, Ufini, mwaka 2025, dhahabu haijawahi kwenda nje ya hizo nchi mbili. Si mara moja. Miaka kumi ya mwanzo hata kuingia fainali hakuna mwingine aliyeweza, ni Marekani na Kanada, Kanada na Marekani, wengine wote wanagombania shaba. Ukimwambia mtu hivyo anauliza kuna haja gani ya kuangalia sasa kama mshindi anajulikana. Swali zuri kabisa, na jibu langu ni mwaka 2023, Östersund, Uswidi.

Ule mwaka ndio ningempa mtu anayeanza. Wenyeji Uswidi kwenye robo fainali walikutana na Slovakia, na Slovakia walikuwa na binti anaitwa Nela Lopušanová, kutoka Žilina, umri miaka 14. Kumi na nne jamani! Kwenye mashindano ambayo wenzake wengi wana 16 na 17. Huyu binti kwa gemu tano alifunga mabao 9 na kutoa pasi 3 za mabao, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote, mdogo kuliko wote waliowahi kupewa hiyo heshima. Na dhidi ya Uswidi alifanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya kwenye mashindano ya wanawake ya IIHF: akiwa nyuma ya goli aliiokota paki ikakaa juu ya bapa la fimbo yake, akainyanyua hewani, akazunguka nayo nguzo na kuichomeka kona ya juu, kipa bado anaitafuta chini kwenye barafu. Ile mbinu ilipata umaarufu mwaka 1996 pale Mike Legg alipoifunga akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, na wanaume wa ligi kubwa wenye mikataba ya mamilioni wengi hawajathubutu kuijaribu gemuni. Yeye kaifanya kwenye robo fainali ya dunia, mbele ya mashabiki wa wenyeji. Nimerudia ile klipu mara nyingi na kila mara ninachoangalia ni mabega yake, yametulia kabisa, hana papara hata chembe.

Slovakia walitolewa pamoja na hayo yote. Uswidi wakapita, wakakutana na Marekani nusu fainali, na wakawafunga 2-1. Sikilizeni, 2-1 dhidi ya Marekani kwenye ngazi hii si bahati ya kawaida, ni dakika 60 za kuziba, kulala mbele ya mashuti, kipa anakula paki kifuani na begani na kwenye kinyago, mabeki wanasafisha tu chochote kinachodondoka mbele ya goli, benchi nzima imesimama. Hiyo gemu kwangu ina thamani kuliko fainali nyingi nilizowahi kuona, za jinsia yoyote.

Halafu ikaja fainali. Kanada 10, Uswidi 0. Caitlin Kraemer peke yake kafunga manne, akamaliza mashindano na mabao 10 na kuipita rekodi ya Kanada ya mabao mengi kwenye shindano moja iliyokuwa ya Marie-Philip Poulin. Aliyefungua ile fainali tu bila kuona yaliyotangulia aliona kituko, timu moja inateleza na nyingine inafukuza kivuli. Aliyefuatilia toka robo fainali aliona mabinti waliomwaga kila kitu walichonacho kwenye gemu iliyopita na sasa miguu imegoma. Ni matokeo yaleyale lakini ni hadithi mbili tofauti, na ndio maana nasema ukiingilia mlango wa fainali unajinyima.

Hii kitu ilishawahi kutokea pia mwaka 2018 kule Dmitrov, Urusi. Uswidi hao hao wakawa timu ya kwanza nje ya wale wakubwa wawili kufika fainali, Kanada wakaishia na shaba, na fainali Marekani wakawapiga Uswidi 9-3. Unaona mtindo? Mdogo anampanda mkubwa nusu fainali, fainali anakutana na mkubwa mwingine ambaye hajachoka vile. Sababu si roho wala si mbinu, sababu ni kina cha kikosi. Kanada ina wasichana na wanawake waliosajiliwa kucheza hoki zaidi ya laki moja, nchi nyingi za Ulaya zinahesabu maelfu tu, na mabinti wengi wa huko wamekulia kwenye timu za wavulana kwasababu timu ya wasichana karibu yao haipo. Kocha wa Kanada akichoka na laini ya kwanza, yaani kundi la wachezaji wanaoingia pamoja, anaingiza ya pili, ya tatu, ya nne, na zote ni moto. Kocha wa Slovakia au Uswisi ana watu sita saba wa kuaminika na inabidi wakae barafuni muda mrefu kuliko mwili unavyotaka. Siku ya kwanza huoni tofauti, siku ya sita unaiona hata ukiwa mgeni.

Lakini pengo linapungua, na hapa nasema kwa furaha kabisa. Zug, Uswisi, 2024: Ucheki wamemtoa Kanada nusu fainali 4-2. Ucheki! Taifa ambalo mwaka 2008 lilichukua shaba ya kwanza kabisa ya haya mashindano halafu likakaa miaka mingi bila kufika fainali, na sasa likaja na kizazi kinachocheza bila kutetemeka. Kilichonivutia kwenye ile gemu ni kwamba hawakucheza kama mtu anayejificha. Uswidi ya 2023 ilishinda kwa kuziba, Ucheki ya 2024 ilimfuata Kanada mbele kwa mbele, ikampokonya paki kwenye eneo lake mwenyewe na kufunga. Ndio, fainali wakafungwa na Marekani 5-1, uchovu uleule, hesabu zilezile. Ila namna walivyofika pale haikuwa ile ya kuomba Mungu muda uishe.

Nisije nikawadharau wakubwa nao, wakikutana wao kwa wao ni moto. Hesabuni wenyewe fainali zilizokwenda muda wa nyongeza: 2009, 2010, 2013, 2015, 2016, 2019, 2020. Saba kati ya fainali kumi na tatu za kwanza! Na kwa kanuni za sasa muda wa nyongeza ni watatu kwa watatu, uwanja unabaki mweupe, kosa moja la pasi ni mtu peke yake na kipa. Moyo wako uandae. Ya Chicago 2010 iliisha 5-4 kwa Kanada, bao la ushindi la nahodha wao Jessica Campbell, ambaye pia ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano. Mfuatilieni huyo dada amefika wapi: msimu wa 2024-25 alisimama kwenye benchi la Seattle Kraken kama kocha msaidizi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kwa kudumu kwenye NHL, ligi kubwa ya hoki ya wanaume ya Marekani na Kanada.

Na hili ndilo jambo jingine unalolipata hapa ambalo kwingine huwezi kulinunua, unawaona watu kabla dunia haijawajua. Poulin alikuwa hapa 2008 na 2009, mara zote mbili akaondoka na medali ya fedha, yaani alifungwa na Marekani fainali mbili mfululizo akiwa binti mdogo. Februari 2010, Olimpiki ya Vancouver, bado ana miaka 18, Kanada wakamfunga Marekani 2-0 kwenye fainali na mabao yote mawili yakawa yake. Sochi 2014 akasawazisha dakika ya mwisho kabisa halafu akafunga la ushindi muda wa nyongeza. Ukishajua alivyoumia Calgary 2008 na Füssen, Ujerumani, 2009 yale mabao yanakuwa na uzito mwingine kabisa. Upande wa pili Kendall Coyne alizicheza zile za 2008, 2009 na 2010, na mwaka 2019 akaingia kwenye shindano la mbio la mastaa wa NHL (All-Star) mjini San Jose, akazunguka uwanja kwa sekunde 14.346 katikati ya wanaume na uwanja mzima ukasimama.

Wengine wananigusa zaidi. Sarah Nurse wa Kanada alichukua dhahabu ya U18 mwaka 2013 nchini Ufini, na Olimpiki ya Beijing 2022 akaweka rekodi ya pointi 18, yaani mabao na pasi za mabao, kwenye Olimpiki moja. Laila Edwards wa Marekani alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya 2022 yaliyochezwa Madison na Middleton, Wisconsin, japo timu yake ilifungwa 3-2 na Kanada kwenye fainali, na mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Marekani. Mchezo huu miaka yote umekuwa na sura za aina moja, na mabinti weusi wanaoupenda walikuwa hawana wa kumtazama. Sasa wanaye, tena mrefu, mwenye shuti zito na mikono laini ya kumiliki paki mbele ya goli. Mimi nikiona namba yake uwanjani naacha kila kitu.

Sasa ile nyota ya tano imekwenda wapi. Sehemu yake ni yale mabao kumi kwa bila, siwezi kujifanya hayapo, gemu za namna hiyo zinachosha na kwa binti wa miaka 15 aliye golini zinaumiza. Lakini sehemu kubwa zaidi ni jinsi haya mashindano yanavyochukuliwa na wakubwa wa mchezo. Mwaka 2021 yalifutwa kwa korona. Sawa, dunia nzima ilisimama. Ila vijana wa kiume chini ya miaka 20 walicheza ya kwao Edmonton wakiwa wamefungiwa kwenye karantini, na wa kiume chini ya 18 wakacheza ya kwao Texas, mabinti peke yao ndio wakaambiwa wakae nyumbani. Ikafika Desemba 2021, timu zinajiandaa kwenda Uswidi, mabegi karibu yafungwe, mkesha wa Krismasi IIHF wanatangaza mashindano ya Januari yamefutwa tena, na wakati huohuo yale ya wanaume chini ya 20 yanaendelea. Yalisimamishwa nayo siku chache baadaye baada ya maambukizi kuingia kwenye timu, lakini ujumbe kwa mabinti ulikuwa umeshafika. Kelele zikapigwa, wachezaji wa sasa na wa zamani wakasema hadharani, na hatimaye yakahamishiwa Juni 2022 huko Wisconsin. Nashukuru yalichezwa. Ila fikiria aliyekuwa na miaka 17 mwaka ule wa kwanza. Umri huu haurudi, ukipitwa na dirisha lako umepitwa, hakuna "mwakani". Kuna mabinti wazuri tu ambao hawana na hawatakuwa na hata gemu moja ya U18 ya dunia kwenye maisha yao, na kosa si lao.

Ratiba nayo inahitaji kuangaliwa. Kubana makundi, robo, nusu na fainali ndani ya wiki moja kunawafaa wenye vikosi vipana tu, nimeshaeleza kwanini. Siku moja tu zaidi ya kupumzika kabla ya fainali ingetosha kutupa fainali yenye ushindani, na sioni ugumu wake ni nini, wachezaji wako hotelini tayari, uwanja umekodiwa tayari.

Upande wa matangazo, picha ni safi na ubora umepanda sana ukilinganisha na zile video za miaka ya mwanzo zilizokuwa kama zimepigwa kutoka mlango wa stoo. Kamera kuu iko pazuri, inafuata mchezo bila kuyumba. Tatizo ni marudio. Gemu za makundi zisizomhusu mwenyeji zinapata kamera chache, kwahiyo bao la kugusa kidogo mbele ya goli hujui nani kaligusa mpaka watangaze, na strimu niliyokuwa nikitumia mara nyingine ilikuwa inarudi kutoka mapumziko wakati kipindi kimeshaanza, sekunde kumi hivi zimepotea, na kwenye hoki sekunde kumi bao linaingia. Watangazaji wa gemu za asubuhi wengi wako peke yao bila mchambuzi, ila wengine kati yao ni wazuri sana, wanazijua klabu wanazotoka hawa watoto na kaka zao wanacheza wapi, na wanatamka majina ya Kifini na Kislovakia vizuri, jambo ambalo kwa heshima ya mchezaji ni kubwa. Viti vitupu pia vinaonekana kwenye hizo gemu za mapema. Binti amevaa jezi ya taifa lake kwa mara ya kwanza na wanaomshangilia ni wazazi na wachezaji wa timu nyingine wanaosubiri zamu yao, inaniuma kila mwaka.

Kwahiyo ukitaka kuangalia, mimi ningekushauri hivi. Siku mbili za kwanza usizimalizie kwa Kanada na Marekani, utaona mabao mengi utalala. Chagua timu moja ya katikati, Ucheki, Ufini, Slovakia, Uswisi, yoyote ile, uifuate mpaka itakapoishia. Jifunze jina la kipa wake kwanza, kwasababu kwenye hizi timu kipa ndiye anayeamua kama kuna kesho. Robo fainali ziangalie zote, bila kuruka. Nusu fainali zima simu. Ukiwa huna muda wa mashindano mazima basi tafuta zile mbili nilizozitaja, Uswidi na Marekani ya Östersund, halafu Ucheki na Kanada ya Zug, kwa mpangilio huo, uone jinsi mwaka mmoja ulivyobadilisha namna mdogo anavyomkabili mkubwa.

Na kuna gemu moja ambayo karibu hakuna anayeizungumzia, ya kupigania kutoshuka daraja. Hapo chini kuna madaraja mengine kadhaa, nchi kama Meksiko, Hispania, Uturuki na Australia zinapambana huko kupanda, na timu ya nane ya juu ikishindwa inateremka huko. Hawa wa miaka 17 wakishuka wao wanaondoka, umri umeisha, wanaobaki kulipa ni wadogo zao wa miaka 15 walioko benchi, ambao mwakani watacheza daraja la chini mbele ya maskauti wachache na wapinzani wepesi. Kila mmoja kwenye timu analijua hilo. Utaona dada mkubwa wa timu, hana kombe la kugombania, hana medali, kipindi cha tatu kimebaki dakika nne, anajilaza mbele ya shuti kwa ajili ya msimu ambao yeye mwenyewe hatakuwepo. Ile gemu huwa inapangwa saa za ajabu na kamera zake ndizo chache kuliko zote, itafuteni hivyohivyo.